Tusiudharau Uhai Usioonekana

Mvuvi wa Unguja au Pemba atupapo wavu huwawaza samaki. Haviwazi vijimea vya baharini ambavyo jicho halivioni. Hali vijimea hivyo, kwa nuru ya jua, ndivyo vinavyotengeneza chakula cha kwanza cha bahari: huliwa na vijidudu, vijidudu huliwa na dagaa, na dagaa huliwa na jodari.

Vingine vimejaaliwa kukaa ndani ya matumbawe na kuyalisha. Mwaka 1998 Bahari ya Hindi ilipopata joto la kupindukia, matumbawe yalivitoa vijimea hivyo, yakageuka meupe, na mengi yakafa, hata kisiwani Misali.

Joto hilo hatuwezi kulizuia peke yetu. Lakini maji machafu yamwagwayo pwani, yakaotesha mimea ya kuyafunika matumbawe, na majuya yanayoyavunja, ni kazi ya mikono yetu. Wakuu wa serikali wasingoje samaki waadimike ndipo waunde kamati. Nasi wananchi tusiwafiche wavunjao sheria kwa kuwa ni jamaa zetu. Mdharau mwiba mguu huota tende.