Skrini Mbili, Mgonjwa Mmoja

Itigi, mkoani Singida, ni mji wa njiani: Reli ya Kati hupita hapo, na barabara ya kusini hushuka kupitia Rungwa hadi Mbeya. Ndipo ilipo Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Gaspar, mali ya Wamisionari wa Damu Azizi ya Yesu. Mgonjwa wa rufaa, katika hospitali yoyote ya namna hii, huja na mengi: barua, majibu ya maabara, picha ya zamani ya kifua, kadi ya bima. Anayempokea hulazimika kuyasoma yote pamoja. Je, kompyuta yake ikiongezewa skrini ya pili, kazi itakwenda vizuri zaidi, au tutakuwa tumeongeza vurugu mezani?

Wazo lenyewe si geni katika tiba. Tangu Wilhelm Röntgen agundue eksirei mwaka 1895, waganga wamezoea kutundika filamu mbili bega kwa bega kwenye kisanduku cha mwanga: ya zamani kushoto, mpya kulia. Walijua kwamba jicho hulinganisha vizuri kinachoonekana, ilhali kumbukumbu hupoteza. Kompyuta yenye skrini moja imetunyima nafasi hiyo. Mtumishi husoma uzito wa mtoto kwenye dirisha moja, hulifunga, kisha huuandika kwenye dirisha la dozi. Katika safari hiyo fupi kilo 12 zaweza kugeuka 21, na dozi nyingi za watoto hukokotolewa kwa uzito.

Palipo na faida

Skrini ya pili hufaa pale kazi inapokuwa ya kulinganisha au kuhamisha taarifa. Mtaalamu wa mionzi huweka picha upande mmoja na ripoti upande wa pili. Mfamasia huiona cheti cha dawa pamoja na orodha ya dawa ambazo mgonjwa anazitumia tayari. Mtayarishaji wa madai ya bima hulinganisha huduma zilizotolewa na fomu inayokwenda kwa mlipaji. Mtunza takwimu naye, anayetoa hesabu kwenye rejesta za MTUHA na kuziingiza katika DHIS2, ana skrini ya pili ya karatasi: ailaze rejesta karibu na usawa wa macho, asiiweke mapajani.

Tahadhari moja kwa upande wa picha: skrini ya kawaida ya ofisini haifai kusomea eksirei kwa ajili ya kutoa uamuzi wa mwisho. Skrini za uchunguzi hurekebishwa ili vivuli hafifu vya kijivu vionekane sawasawa. Ya kawaida na ibaki kwa maandishi.

Palipo na hatari

Wahenga walisema, mshika mbili moja humponyoka. Hatari kubwa ni kuwa na wagonjwa wawili kwenye skrini mbili, kisha agizo la mmoja likaandikwa kwa mwingine. Mwaka 2019 jarida la JAMA la Marekani lilichapisha utafiti uliolinganisha watoa huduma walioruhusiwa kufungua jalada moja tu na wale walioruhusiwa hadi manne. Haikuonekana tofauti ya maana katika makosa ya kumwandikia mgonjwa asiye mwenyewe. Basi kuwabana watu kwa idadi ya majalada peke yake hakutoshi. Kinachohitajika ni desturi: kabla ya kila agizo, hakiki jina kamili, namba ya jalada na tarehe ya kuzaliwa. Na skrini zote mbili ziwe za mgonjwa yule yule aliye mbele yako.

Mwili nao una haki yake. Skrini iwe umbali wa mkono ulionyooshwa, na ukingo wake wa juu usipite usawa wa macho. Ukizitumia zote kwa kiasi sawa, ziunganishe mbele yako mithili ya kitabu kilichofunguliwa. Ukitumia moja zaidi, iwe mbele kabisa, na ya pili iegemee pembeni. Vinginevyo shingo italipa gharama. Kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho mbali kama mita 6 kwa sekunde 20, na upepese macho, kwa maana anayekodolea skrini hupepesa mara chache na macho hukauka.

Kituo kisicho na fedha za skrini ya pili kisikate tamaa. Katika Windows, kitufe chenye nembo ya Windows kikibonyezwa pamoja na mshale wa kushoto au kulia, dirisha hujipanga kwenye nusu ya skrini. Mara nyingi nusu mbili zatosha.

Skrini na mgonjwa

Chumba cha daktari ni jambo jingine. Hapo skrini mbili zaweza kuwa ukuta kati ya watu wawili, na mgonjwa akaongea na kisogo cha kompyuta. Ikiwepo ya pili, igeuzwe kwake: aione picha yake, asome jina lake, asahihishe umri uliokosewa. Hakuna mhakiki bora wa taarifa kuliko mwenyewe.

Lakini macho hayana pazia. Skrini inayoelekea mlango au dirisha humwonyesha kila apitaye ugonjwa wa mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Funga skrini kila unapoinuka, na ondoa jalada la aliyetoka kabla hujamwita anayefuata.

Nawe mgonjwa, usione haya kumuuliza mtoa huduma: "Naomba nione ulichoandika kunihusu." Swali hilo huchukua nusu dakika, na laweza kuzuia kosa ambalo skrini kumi zisingeliona.