Alama Moja, Kazi Mbili

Juma hili tuyatazame majina na alama ambazo watunzi wa lugha za kompyuta huyapa mambo yao. Mtunzi huchagua siku moja, nasi wengine tukaishi na chaguo lake miaka hamsini.

Chukueni alama ya vistari viwili, =, tuliyofundishwa shuleni kuisoma "ni sawa na". Aliibuni Robert Recorde wa Wales mwaka 1557. Alichora vistari sambamba vyenye urefu mmoja kwa kuwa aliona hakuna vitu viwili vinavyoweza kuwa sawa kuliko hivyo. Sura yenyewe yasema maana.

Mwaka 1957 kampuni ya IBM ilitoa lugha ya FORTRAN, na humo alama hiyo ikapewa kazi nyingine. Ukiandika AKIBA = AKIBA + 100, mwalimu wa hesabu atakukosoa, maana hakuna kiasi kilicho sawa na chenyewe kikiongezwa mia. Kompyuta haina taabu. Yenyewe huelewa: chukua akiba iliyopo, ongeza mia, weka jibu palepale. Hiyo ni amri, wala si usawa. Watunzi wa ALGOL waliliona hilo, wakaipa amri alama yake, nukta mbili mbele ya vistari (:=).

Lugha ya C, iliyozaliwa miaka ya 1970, haikuwafuata. Kuweka kukapewa =, kulinganisha kukapewa ==. Hoja ilikuwa kwamba kuweka hutokea mara nyingi zaidi, basi kustahili alama fupi. Hoja hiyo hainiingii akilini. Tunaokoa kidole, tunapoteza jicho.

Novemba 2003, mtu asiyejulikana alipenya katika kompyuta iliyohifadhi nakala ya programu ya Linux, iliyoandikwa kwa C, akachomeka mistari miwili. Ukiisoma upesi, ilionekana kuuliza: je, namba ya mtumiaji huyu ni sifuri? Katika Linux, sifuri ni namba ya mkuu wa mtambo, afunguliwaye kila mlango. Ila palipotakiwa == paliandikwa =. Basi mstari haukuuliza kitu. Ulimpa mtumiaji sifuri, pamoja na funguo zote.

Hila hiyo ilinaswa kabla haijasambaa, kwa kuwa nakala ile haikuafikiana na hazina kuu. Bila ulinganisho huo, wasomaji wangebaki kutegemea macho yao kukiona kistari kilichopungua.