Baraza la Wanachama Katika Simu: Tuchague Programu Gani?



Siku hizi matawi mengi yanaomba jambo moja: mahali pa kuzungumza kwa simu, ili mchumaji wa chai aliye mlimani na fundi aliye kiwandani wapate habari moja kwa siku moja. Ombi hili ni la haki. Mkutano hauwezi kufanyika kila wiki, na zamu zetu hazilingani. Lakini kamati nyingi zikikaa kuchagua programu huanza kwa kuuliza, "Ipi inapendeza?" Hilo si swali la kwanza. Swali la kwanza ni hili: mwanachama akisema neno humo, nani atalisikia, na nani atajua kwamba ni yeye aliyelisema?

Mimi nilisoma mpaka darasa la saba. Haya ninayoyaeleza niliyapata kwa kuuliza na kwa kukosea.

KOSA LETU

Tawi letu lilianza na kikundi cha WhatsApp, kwa sababu wengi walikuwa nayo tayari. Mwezi wa tatu mama mmoja mchumaji aliandika kwamba mizani ya jioni inapunja kilo. Aliandika ukweli. Kesho yake asubuhi nyapara alikuwa na maneno yale yale katika simu yake, pamoja na namba ya yule mama. Mmoja wetu aliyapiga picha akayapeleka. Mama akahamishiwa upande mwingine wa shamba, mbali na nyumba yake, ambako majani yalikuwa machache. Tulipigania shauri lake miezi miwili mpaka akarudishwa. Mizani nayo ilikaguliwa. Lakini tangu siku ile wanawake wa upande ule hawakuandika tena hata neno moja.

Yafaa ieleweke kwamba kosa halikuwa la WhatsApp. Tangu mwaka 2016 ujumbe wake hufungwa kwa siri kutoka simu hadi simu. Lakini hakuna kufuli la kumzuia mwenzako kuonyesha alichokisoma. Kosa lilikuwa letu, kuweka shauri la mizani mahali ambapo namba ya kila mtu iko mbele ya wote. Tangu 2022 kikundi kimoja kinaweza kuingiza watu 1,024. Katika watu wengi hivyo, hakosekani mmoja wa kwenda kwa nyapara.

NYUMBA YA KUPANGA NA NYUMBA YETU

Programu za mazungumzo ziko za namna mbili.

Ya kwanza ni kama nyumba ya kupanga: WhatsApp, Facebook, Telegram. Unaingia na mzigo wako, hujengi kitu. Lakini mwenye nyumba ni kampuni, na akifunga mlango wewe unatoka. Google+ ilifungwa Aprili 2019. Yahoo Groups, ambayo watu walizungumza humo kwa miaka mingi, ilifungwa Desemba 2020. Ambao hawakuwa na nakala walipoteza maandishi yao. Sisi wa Uganda tunakumbuka pia tarehe 1 Julai 2018, serikali ilipoanza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia WhatsApp, Facebook na nyingine kama hizo. Kwa mwezi ni shilingi 6,000, kabla hujanunua bando lenyewe. Kodi ile iliondolewa mwaka 2021, ikawekwa ya asilimia 12 juu ya bando.

Ya pili ni nyumba yetu wenyewe: programu tunayoiweka katika seva, yaani kompyuta ya kukodi inayowaka usiku na mchana. Nyingine hulipiwa leseni, kama XenForo. Nyingine ni programu huria: kila mtu anaruhusiwa kuitumia na kuibadilisha bila kulipia leseni. Katika hizo iko phpBB, iliyoanza mwaka 2000, na Discourse, iliyotoka mwaka 2013. Discourse ni nzuri, lakini inataka seva yenye nguvu zaidi na simu za karibuni. phpBB ni nyepesi na hukaa hata katika seva ya bei nafuu. Kwa wanachama wenye simu za mtumba, nyepesi ndiyo bora.

Faida ya nyumba kama hii ni kwamba kila shauri lina chumba chake: mizani, mishahara, nyumba za kambi, dawa za kunyunyizia. Anayetafuta neno la mwaka jana hulikuta mahali pake. Halizamishwi na salamu za sikukuu.

Lakini mwenye nyumba ndiye anayeziba paa likivuja. Seva hulipiwa. Programu lazima iboreshwe kila toleo jipya la usalama linapotoka, na nakala ya maandishi yote itolewe kila wiki na kuwekwa mahali pengine. Neno la siri la msimamizi lisishikwe na mtu mmoja. Katibu akiondoka na ufunguo peke yake, chama kizima kinalala nje.

MAJINA YA WATU

Jirani zetu wa Tanzania wana JamiiForums, baraza kubwa la Kiswahili lililoanzishwa mwaka 2006. Desemba 2016 mmoja wa waanzilishi wake, Maxence Melo, alikamatwa. Miongoni mwa mashtaka lilikuwamo la kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji. Aprili 2020 mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, ilimtia hatiani katika kesi mojawapo, ikamtoza faini. Wengi walimsifu kwa kutotoa majina ya watu. Lakini sisi tujifunze jambo moja zaidi: kilichowekwa kinaweza kudaiwa. Ambacho hukukiweka, hakuna wa kukudai.

Basi kamati ifanye hivi:

Kwanza, mwanachama aandike kwa jina la kubuni. Namba ya simu isiombwe.

Pili, mtu asijifungulie mlango mwenyewe. Mwakilishi wa kila sehemu amthibitishe mwanachama uso kwa uso, kisha msimamizi amkubali. phpBB ina mpango huo.

Tatu, vyumba vya mashauri visionekane na mgeni asiyeingia kwa neno la siri.

Nne, ijulikane kwamba phpBB kwa kawaida huandika anwani ya intaneti ya kila aliyeandika, na msimamizi anaweza kuiona. Kwa hiyo wasimamizi wachaguliwe kwa kura, kama tunavyomchagua mweka hazina.

Hata hivyo, jina la kubuni halizuii maneno kupigwa picha. Linamzuia nyapara kujua ni ya nani, ikiwa mwandishi mwenyewe hakutaja sehemu yake na zamu yake.

SASA TUJE KWENYE SURA

Vijana hupenda sura yenye mapambo na picha zinazocheza. Tuwakumbushe kwamba kila picha inakula bando la mchumaji. Sura njema kwetu ni herufi kubwa, nyeusi juu ya weupe, zisomeke juani. Vitufe vipana kwa vidole vilivyochoka. Na maneno ya Kiswahili chepesi. phpBB ina sura yake ya asili, iitwayo prosilver, ambayo tangu toleo 3.1 la mwaka 2014 hujipanga yenyewe kwa upana wa simu. Inatosha. Wekeni alama ya chama na rangi yake, basi. Sura ya bure kutoka kwa mtu msiyemjua msiipakue, kwa maana inaweza kuficha hila ndani, na programu ikiboreshwa huenda ikavunjika.

Kabla ya kupiga kura, chukueni wanachama watano, mmoja wao mzee na mmoja mwenye simu mbovu kuliko zote. Waitumie wiki moja. Wakishindwa wao, programu haifai, hata kama inameta namna gani.

MWISHO

WhatsApp tusiitupe. Itumike kutangaza saa ya mkutano. Mashauri yanayotaka kukumbukwa yawe katika nyumba yetu. Na maandalizi ya mgomo yasiandikwe popote. Hayo ni ya chini ya mti, ana kwa ana. Tukumbuke pia kwamba tarehe 13 Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima, ikarudi baada ya siku tano. Ubao wa matangazo na mguu wa mwakilishi havikuzimwa. Wenye simu za vitufe nao ni wanachama kamili. Mwakilishi awasomee yaliyoandikwa na kuyaandika wanayosema.

Yule mama wa mizani sasa anaandika tena. Jina lake humo ndani silijui, wala sijauliza.

Umoja ni nguvu.