Tununue ukulele, tusinunue ukelele

Msomaji wa Kiswahili akutanapo na neno ukulele kwa mara ya kwanza hushawishika kudhani kwamba mpiga chapa amekosea, na kwamba lililokusudiwa ni ukelele. Hata miongoni mwa Waingereza wapo wanaoliandika hivyo hivyo, ukelele. Nikizisikiliza baadhi ya ala zinazouzwa madukani mwetu kwa jina hilo, naona hawakukosea.

Ukulele ni ala ya nyuzi nne, ndugu mdogo wa gitaa. Jina lake ni la Kihawaii, na tafsiri iliyozoeleka ni kiroboto arukaye. Hata hivyo, asili yake ni Ureno. Mnamo Agosti 1879 meli iitwayo Ravenscrag ilitia nanga Honolulu ikiwa imewabeba wahamiaji kutoka kisiwa cha Madeira waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Miongoni mwao walikuwamo mafundi watatu wa mbao, Manuel Nunes, José do Espírito Santo na Augusto Dias, ambao baadaye walikigeuza kigitaa cha kwao, machete, kuwa ala mpya. Mfalme Kalākaua aliipenda, ikapigwa katika hafla zake. Na baada ya maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915, ikavuma Marekani nzima. Nayataja haya kwa kuwa wako walimu wenzetu wanaoiona kuwa kitu cha kuwabembelezea watoto wachanga.

Kule Halifax, Kanada, hawakuiona hivyo. Kuanzia mwaka 1967 J. Chalmers Doane, aliyesimamia mafunzo ya muziki katika shule za jiji hilo, aliifanya ukulele kuwa ala ya kufundishia darasani. Waama, ina sifa ambayo rekoda, iliyozoeleka katika shule zetu, haina. Apulizaye rekoda kinywa chake kimezibwa, ilhali apigaye ukulele huimba papo hapo. Kodi ya C, na hapa sisemi ile ya serikali, hutaka kidole kimoja tu. Ukiongeza F na G7, mwanafunzi anaweza kuusindikiza wimbo kama Malaika kabla muhula haujaisha.

Najua nitaulizwa: je, nyatiti tumeitupa? La hasha. Nyatiti ina nyuzi nane na mafunzo yake mwenyewe, na shule iliyobahatika kuwa na fundi wa kuifundisha isimwachilie. Mimi nasema na shule ambayo haina fundi, ina mwalimu mmoja wa muziki na vijisenti kidogo.

Vijisenti hivyo ndivyo vinavyoniogofya. Mwalimu huona ukulele zenye rangi za kupendeza, bei ya chini, akanunua dazeni moja. Nimewahi kuketi nyuma ya darasa lililokuwa na ala za aina hiyo. Msichana mmoja alikaza uzi wake mara nne, na mara nne kigingi kikateleza, uzi ukalegea. Mwishowe aliiweka ala chini akamwambia jirani yake kwamba yeye hana sikio la muziki. Alikuwa nalo, na zuri sana. Ndilo lililomwambia kwamba sauti ile ilikuwa mbovu. Ala mbovu humsingizia mtoto kosa lisilo lake, na huenda akaishi akiamini hivyo hadi uzeeni. Ndiyo maana nasema heri ukulele nne zinazopatana, wanafunzi wakapokezana, kuliko kumi na mbili zinazogombana.

Basi dukani tutazame nini? Kwanza ukubwa. Soprano ndiyo ndogo, yapata sentimeta 53 kwa urefu, nayo huwafaa watoto wadogo. Konsati, yapata sentimeta 58, ina nafasi zaidi ya vidole, na ndiyo ningeichagua kwa darasa la vijana. Tenori ni kubwa zaidi. Baritoni iacheni kwanza, kwa maana kwa kawaida nyuzi zake hulinganishwa kama nne nyembamba za gitaa, ilhali nyingine hulinganishwa kwa G, C, E na A. Ukiichanganya nazo, darasa zima litavurugika.

Pili, na hapa msiwe na haraka hata muuzaji akikunja uso, ijaribuni sauti. Pigeni uzi ukiwa wazi, kisha ubonyezeni kwenye chuma cha 12 shingoni mkaupige tena. Sauti iwe ile ile, ila ya juu zaidi kwa oktava moja. Ikipotoka, hakuna ustadi wa mwalimu utakaoiponya darasani. Tazameni pia nyuzi zimeinuka kiasi gani juu ya chuma hicho: milimita 3 hivi zatosha. Zikiinuka mno, vidole vya mtoto vitauma, na kule kuzivuta chini kutaipandisha sauti kupita kiasi. Pitisheni kiganja kando ya shingo msikie kama kuna ncha kali. Nyuzi ziwe za nailoni au za jamii yake. Za chuma huweza kuing'oa ala isiyotengenezwa kwa ajili yake.

Kuhusu mbao, mtaambiwa kwamba ubao mzima hutoa sauti tamu kuliko plaiwudi. Ni kweli. Lakini ubao mzima huweza kupasuka katika ukavu wa Garissa na kuvimba katika unyevu wa Mombasa, na kabati la shule si jumba la makumbusho. Plaiwudi iliyoundwa vyema hustahimili zaidi.

Msishtuke ala mpya ikilegea siku za mwanzo. Nailoni mpya hunyumbuka, nayo hutulia baada ya siku kadhaa za kukazwa na kupigwa. Tofauti na kigingi kibovu ni kwamba kigingi hakitulii kamwe. Na kabla ya kulipa, ombeni seti mbili za nyuzi za akiba ziandikwe katika risiti hiyo hiyo, kwa sababu uzi ukikatika juma la tamasha, mhasibu hatakuwa na fedha nyingine za kutoa.