Anayetoka Tarhili Anapokewa na Nani?

Kwa Mkenya aliye nyumbani, Kemboi ni Ezekiel Kemboi, bingwa wa Olimpiki wa mbio za kuruka viunzi na maji mwaka 2004 na 2012. Kwa shagala, yaani mfanyakazi wa ndani, aliye Riyadh au Jeddah nchini Saudi Arabia, kemboi ni mwenzake aliyetoroka nyumba ya kafili, mwajiri anayemdhamini. Hana ikama, yaani kibali cha ukaazi, pasipoti imebaki kabatini kwa mwajiri, na analala chumba cha kubanana huku akitafuta vibarua vya siku. Mchana ni hofu ya msako, usiku ni mawazo ya watoto aliowaacha. Katika hali hiyo wapo wanaoanza kunywa ili tu wapate usingizi.

Kinywaji chenyewe ni cha kificho. Mwaka 1951 mjini Jeddah, mwana wa Mfalme Abdulaziz alimpiga risasi na kumuua Cyril Ousman, makamu wa konseli wa Uingereza, baada ya kunyimwa kileo. Mwaka uliofuata mfalme akapiga marufuku pombe nchini kote. Kinachopatikana leo mitaani ni pombe ya kupikwa majumbani, ambayo wageni huiita sidiki, yaani "rafiki yangu" kwa Kiarabu. Urafiki huo hauna dhamana. Agosti 2025, katika nchi jirani ya Kuwait, watu 23 walikufa kwa pombe iliyochanganyika na methanoli.

Akikamatwa, mhamiaji hafunguliwi lango akatembea hadi nyumbani. Baada ya kifungo hupelekwa tarhili, kituo cha kurudisha wageni kwao, kama kile cha Shumaisi karibu na Jeddah, kisha hupandishwa ndege. Kwa hiyo kinachoitwa "kutoka jela" kwingineko, kwake ni kushuka uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, au Entebbe, Uganda, akiwa na mfuko wa plastiki mkononi.

Tuanze na mwili. Aliyezoea kunywa kila siku akikatizwa ghafla huanza kutetemeka na kutoka jasho ndani ya saa 6 hadi 24. Degedege huweza kumpata ndani ya siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne, wachache huchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo. Hali hiyo isipotibiwa inaweza kuua. Sasa fikiria yuko selo. Daktari akimuuliza anatetemekea nini, jibu la kweli ni kukiri kosa. Atasema ni homa. Anayeitambua ile mitetemo ni mwanamke wa godoro la pili, kwa kuwa yalimkuta mwaka jana. Ndiye atakayegonga mlango kumwita mlinzi. Msaada wa wenza huanzia hapo, kabla haujapewa jina wala ofisi.

Hatari ya pili inamsubiri nje. Baada ya miezi kadhaa bila pombe, mwili husahau kiasi uliokuwa ukistahimili. Utafiti uliofanywa jimbo la Washington, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2007, uliwafuatilia watu zaidi ya 30,000 waliotoka magerezani. Katika wiki mbili za kwanza, uwezekano wao wa kufa ulikuwa karibu mara 13 ya ule wa watu wengine wa jimbo hilo, na chanzo kikuu kilikuwa kuzidisha dawa za kulevya. Kwa hiyo miadi ya kliniki "mwezi ujao" haimfai aliyetua leo.

Kwa nini awe mwenza, asiwe mtaalamu peke yake? Wahenga walishasema: adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Chama cha AA (Alcoholics Anonymous), cha waraibu wa pombe wanaosaidiana kuacha, kilichoanza Akron, Ohio, mwaka 1935, kimejengwa juu ya fikra hiyo, na takwimu zinaiunga mkono. Mapitio ya tafiti 27 yaliyotolewa na mtandao wa Cochrane mwaka 2020 yalionyesha kuwa asilimia 42 ya waliosaidiwa kujiunga na vikundi hivyo hawakuonja pombe mwaka mmoja baadaye, dhidi ya asilimia 35 waliopata tiba nyingine.

Ila mwanamke ana yake. Jean Kirkpatrick, Mmarekani aliyeanzisha kikundi cha wanawake watupu miaka ya 1970, aliona kuwa kumfundisha mlevi unyenyekevu, kama AA wafanyavyo, kunamfaa mtu mwenye kiburi, ilhali wanawake wengi hufika wakiwa wameshajidharau kupita kiasi. Shagala aliyeambiwa kwa miaka miwili kuwa si kitu hahitaji kuinamishwa tena. Anahitaji kuinuliwa, tena mahali ambapo anaweza kutaja aliyomtendea bosi bila mwanamume kukaa pembeni akisikiliza.

Mifano tunayo. Zanzibar ina nyumba za upataji nafuu zinazoendeshwa na watu waliowahi kuwa waraibu. Nairobi yupo Teresa Njoroge, aliyefungwa mwaka mmoja Lang'ata akiwa na mtoto mchanga, kisha akaanzisha Clean Start kuwasaidia wanawake wanaotoka gerezani. Kinachokosekana ni daraja kati ya tarhili na vikundi kama hivi. Ubalozi unapomwandalia mtu hati ya dharura ya kusafiria, unajua jina lake na ndege yake. Ungemuuliza faraghani, kwa hiari yake, kama angependa kupokewa na mwanamke aliyewahi kurudi hivyo hivyo. Mwenza huyo awe ameshaacha pombe kwa muda, afunzwe kutunza siri na kutambua dalili za hatari, awe na namba ya daktari, na naye awe na mtu wa kumtua mzigo. Kwa walio Kenya, namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, hupigwa bure.

Kwenye lango la wanaowasili, jamaa watamwuliza kwa macho kama si kwa mdomo: umetuletea nini? Usiku huo huo, mtu wa mtaani atamkaribisha anywe pombe. Mwenza yeye atauliza mambo mawili tu: umekula? Na leo unalala wapi?