Kinaya na Mtazamo wa Msomaji juu ya Wahusika: Mfano wa Kusadikika

1.0 Utangulizi

Kinaya ni mbinu ya kisanaa ambayo kwayo maana iliyokusudiwa hukinzana na ile inayoonekana katika maneno, au matokeo hukinzana na matarajio. Kejeli humlenga mtu ili imchome. Kinaya huweza kutokea pasipo mhusika yeyote kukikusudia. Msomaji asiyekitambua kinaya humhukumu mhusika kwa jinsi anavyoitwa badala ya anavyotenda.

2.0 Mfungwa kama mhusika

Kingolwira, mashariki ya mji wa Morogoro, hufahamika sana kwa gereza lake. Kwa msomaji aliyekulia jirani na gereza, neno "mfungwa" hubeba hukumu iliyokwisha kutolewa. Shaaban Robert, katika riwaya ya Kusadikika (1951), anaipindua hukumu hiyo. Wajumbe sita waliotumwa kutafuta mambo ya kuinufaisha nchi yao wanarejea na maarifa, kisha wanatupwa kifungoni. Nchi inawaadhibu kwa kuitumikia. Hiki ni kinaya cha hali.

3.0 Mshitakiwa kama mwalimu

Karama anashitakiwa na Majivuno kwa kufundisha elimu ya sheria. Katika kujitetea, anasimulia safari za wajumbe hao mbele ya mfalme na baraza. Hivyo shitaka lililokusudiwa kulizima somo ndilo linalolipatia darasa kubwa zaidi. Msomaji anaing'amua hali hiyo kabla ya mshitaki, na hapo ndipo kinaya cha kidrama kinapojengeka.

Ikumbukwe kuwa majina ya wahusika hawa husema kweli: Majivuno hujivuna, na Karama ana kipawa. Kinachodanganya ni hadhi wanazopewa, yaani mshitaki, mshitakiwa na mfungwa. Kwa hiyo, msomaji makini hupima hadhi kwa matendo, wala hapimi matendo kwa hadhi.

4.0 Hitimisho

Riwaya hii ilichapishwa Tanganyika ikiwa chini ya utawala wa Waingereza. Nchi inayoelea angani ilimwezesha mwandishi kuusema utawala usio wa haki bila kuutaja wowote. Mwishoni Karama anaachiwa huru pamoja na wajumbe. Hata hivyo, kosa lao halikuwapo tangu awali. Aliyebadilika ni mwenye kuhukumu. Badiliko hilo ndilo ambalo kinaya hulidai kwa msomaji pia.