Kamera ya Lango Kwenye Runinga: Jinsi ya Kupata Chaneli Isiyovuruga Matangazo

Majengo mengi ya kupangisha Nakuru, Naivasha na Gilgil yana antena moja juu ya paa na kebo ya koaksia inayoingia kila nyumba. Kebo hiyo inaweza pia kubeba picha ya kamera ya lango, ili mpangaji amwone mgeni kabla ya kumfungulia. Kinachohitajika ni modyuleta, kifaa kinachogeuza picha ya kamera kuwa chaneli ya runinga.

Hata hivyo, modyuleta ikiwekwa kwenye chaneli ambayo tayari ina matangazo, jengo zima hupoteza stesheni zilizokuwa humo, zikiwemo za habari.

Nafasi ilivyopatikana

Kenya ilizima matangazo ya analogi mwaka wa 2015, kulingana na makubaliano ya kimataifa ya Geneva ya mwaka wa 2006. Awali, kila stesheni ilihitaji chaneli yake. Leo, chaneli moja ya dijitali yenye upana wa megahezi 8 hubeba stesheni zaidi ya kumi. Ndiyo maana kati ya chaneli 21 na 48 mara nyingi huwa na nafasi.

Nambari unayobonyeza kwenye rimoti si chaneli ya mawimbi. Fungua ukurasa wa hali ya mawimbi katika menyu ya king'amuzi au runinga, kisha uandike chaneli au megahezi za kila stesheni. Chagua chaneli ambayo haimo kwenye orodha hiyo na isiyopakana na yoyote iliyomo.

Nafasi ikikosekana

Fundi anaweza kuweka kichujio kwenye kebo inayotoka kwenye antena. Tuseme stesheni zote ziko chini ya chaneli 36. Kichujio kitazuia mawimbi yote ya juu yake, na modyuleta itawekwa kwenye chaneli 40, yaani megahezi 622 hadi 630.

Mpangilio ni huu:

1. Antena
2. Kichujio
3. Kiunganishi, ambapo modyuleta huingizwa
4. Kigawanyaji kinachopeleka kebo kwa kila nyumba

Modyuleta isitangulie kichujio. Kichujio kina kazi mbili: kusafisha nafasi na kuzuia picha ya kamera isipande hadi kwenye antena na kusambaa hewani. Kurusha mawimbi hewani bila kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ni kosa kisheria. Aidha, jirani hafai kuona anayeingia kwenu.

Kabla ya kumlipa fundi

- Hakikisha stesheni zote za awali zinaonekana katika nyumba iliyo mbali zaidi na antena, kwani kila kigawanyaji hupunguza nguvu ya mawimbi.
- Matundu ya kigawanyaji yasiyotumika yafungwe kwa vizibo vya omu 75.
- Wajulishe wapangaji kamera inaelekea wapi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inalinda pia picha zao.